Njia ya chuo kikuu kutoka Takawiri: Mambo ya kuzingatia kabla na baada ya KCSE

KILA mwaka matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, macho ya wengi huelekezwa kwa waliopata gredi ya A na shule zilizoongoza. Wachache hukumbuka kwamba baada ya shangwe hizo kuna mlango wa pili ambao kila mtahiniwa hana budi kuupita, nao ni uteuzi wa kujiunga na vyuo. Wapo wanaofaulu mtihani na kukwama mlangoni humo kwa sababu ya cheti kilichokosekana, somo lililoachwa mapema au tarehe iliyopita bila wao kujua.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwanafunzi wa kisiwani. Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, kati ya Rusinga na Mfangano. Wakazi wake hutegemea uvuvi, na shughuli nyingi za kiofisi huwalazimu kupanda mashua hadi Mbita, au kwenda mbali zaidi hadi mjini Homa Bay. Jambo ambalo mwanafunzi wa mjini hulimaliza kwa saa moja, hapa huweza kuchukua siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Wahenga walinena kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Dawa ya dau la aina hiyo ni kung'oa nanga mapema.

Makala haya yanaeleza hatua ambazo mwanafunzi, mzazi na mwalimu wanapaswa kuzifuata, na wakati unaofaa wa kila hatua.

Mtihani mmoja, kazi mbili

Kinyume na baadhi ya mataifa, Kenya haina mtihani wa pekee wa kuingilia vyuo vikuu vya umma. KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989 chini ya mfumo wa 8-4-4, hufanya kazi mbili kwa pamoja: hukamilisha elimu ya sekondari na pia huamua nani ataingia chuo gani kusomea taaluma ipi.

Kwa miaka mingi uteuzi ulisimamiwa na Bodi ya Pamoja ya Usajili, iliyojulikana kama JAB. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 iliihamishia kazi hiyo asasi mpya, KUCCPS, ambayo huwapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na pia katika vyuo vya kiufundi.

Kiwango cha chini cha kujiunga na shahada ni gredi ya wastani ya C+. Katika matokeo ya mwaka wa 2024, watahiniwa 246,391 kati ya 962,512 walifikisha kiwango hicho, yaani takriban mmoja kati ya kila wanne. Takwimu hizo zinatoa mafunzo mawili. Kwanza, C+ si jambo dogo, na huhitaji maandalizi ya miaka kadhaa. Pili, mwanafunzi mwenye busara huijua pia njia atakayoifuata iwapo hataifikia.

Uamuzi wa kwanza: Masomo

Kosa linalowagharimu wengi hufanyika muda mrefu kabla ya mtihani, wakati wa kuchagua masomo. Katika mfumo wa 8-4-4, uamuzi huo umekuwa ukifanywa Kidato cha Pili kinapomalizika. Kila mtahiniwa hufanya Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, kisha huongeza sayansi zisizopungua mbili, somo la kijamii na mengineyo hadi yatimie angalau saba.

Mwanafunzi anayeacha Fizikia kwa kuwa shule yake haina maabara ya kutosha, au kwa kuwa rafiki zake wameiacha, huwa ameufunga mlango wa uhandisi bila kujua. Anayetamani udaktari huhitaji Baiolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia. Shahada ya sheria hudai angalau B katika Kiingereza au Kiswahili, hata kama gredi ya jumla ni ya juu. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari anapaswa kupata C+ au zaidi katika yale masomo mawili atakayofundisha.

Kwa hivyo ni heri mwanafunzi aanze na swali la kazi anayoitamani, kisha arudi nyuma hadi kwenye masomo yanayodaiwa na kazi hiyo. Mwalimu wa ushauri na uelekezaji anaweza kumsaidia kwa kubandika ukutani orodha ya kozi na masomo yake, ili hata mzazi aliyekuja kulipa karo aisome.

Gredi moja, alama tofauti

Wazazi wengi hushangaa wanapoona watahiniwa wawili wenye gredi sawa wakipelekwa kwenye kozi tofauti. Jibu limo katika alama za kundi la masomo. Kila kozi ina masomo yake manne ya msingi, na alama za mtahiniwa katika masomo hayo hupimwa pamoja na jumla ya alama zake zote. Alama ya juu kabisa ni 48.

Kila gredi ina thamani yake: A ni alama 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea hadi E ambayo ni 1. Masomo saba yanayohesabiwa yana jumla ya alama 84. C+ huanzia alama 46. Tangu mtihani wa mwaka wa 2023, hesabu hiyo huchukua Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi.

Kanuni iliyozoeleka ya kukadiria alama za kundi ni hii. Gawanya jumla ya masomo manne ya kundi kwa 48. Gawanya jumla ya masomo saba kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili cha jawabu, kisha uzidishe kwa 48.

Tuchukue mfano wa watahiniwa wawili waliopata alama 63, yaani gredi ya B. Wa kwanza ana B+ katika masomo yote manne ya kundi, hivyo ana alama 40 kati ya 48. Kanuni humpa takriban 37.9. Wa pili ana B- katika masomo hayo manne, yaani alama 32, na alifidia kwa masomo mengine. Yeye hupata takriban 33.9. Pengo la alama nne latosha kumnyima mtu kozi inayong'ang'aniwa. Makadirio haya ni ya kumwongoza mwanafunzi tu, kwani KUCCPS hutumia pia vipimo vyake vya ubora wa matokeo katika kila somo. Hata hivyo, yanadhihirisha kwamba masomo manne ya kozi unayoitaka ndiyo yanayostahili jasho la kwanza.

Kuujua mtihani wenyewe

Mtahiniwa anayeelewa muundo wa karatasi huingia chumbani akiwa ametulia. Katika Hisabati, kila moja ya karatasi mbili ina alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50 kwa jumla. Sehemu ya pili ina maswali manane, na mtahiniwa huchagua matano yenye alama 10 kila moja. Anayejibu yote manane hupoteza muda ambao angeutumia kukagua kazi yake.

Kiswahili kina karatasi tatu. Ya kwanza ni insha, yenye alama 40: insha moja ya lazima na nyingine ya kuchagua. Ya pili ina alama 80 zilizogawanywa kati ya ufahamu (15), ufupisho (15), matumizi ya lugha (40) na isimujamii (10). Ya tatu ni fasihi, yenye alama 80. Katika maeneo ambapo watoto huzungumza Kidholuo nyumbani na ufuoni, Kiswahili husikika kwa nadra nje ya darasa. Hapo matumizi ya lugha na ufupisho huhitaji mazoezi ya kila juma. Mwanafunzi akizoea kusoma gazeti na kusikiliza taarifa za habari, msamiati wake hupanuka bila gharama kubwa.

Fizikia, Kemia na Baiolojia zina karatasi tatu kila moja, na ya tatu ni ya vitendo. Shule yenye vifaa haba inaweza kuafikiana na shule jirani iliyo na maabara ili watahiniwa wake wafanye mazoezi huko mapema. Mwanafunzi anayeshika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hatarajiwi kuishika kwa mkono usiotetemeka.

Walimu nao wana chombo ambacho hakitumiwi ipasavyo. Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) huchapisha ripoti za matokeo zinazochambua maswali yaliyowatatiza watahiniwa na makosa waliyoyafanya. Kuisoma ripoti hiyo pamoja na darasa hufaa kuliko kurundika karatasi za majaribio zisizosahihishwa.

Jambo jingine ni udanganyifu. Mwaka wa 2015, watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A. Mwaka uliofuata, baada ya usimamizi wa mtihani kukazwa, idadi hiyo iliporomoka hadi 141. Kila mwaka walaghai huuza karatasi bandia kupitia simu. Mzazi anayetoa pesa kununua karatasi hizo huibiwa fedha, na mtoto wake huibiwa wakati wa kusoma na hata huenda akafutiwa matokeo.

Ziwa, karo na muda wa kusoma

Maandalizi ya mtihani hayawezi kutenganishwa na maisha ya ufuoni. Omena huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na mvulana aliyekesha ziwani huketi darasani asubuhi akisinzia. Wasichana nao hukabiliwa na mtego wa jaboya, ambapo mvuvi hudai ngono ili auze samaki. Mtego huo umekatiza masomo ya wengi na kuwaletea maradhi. Ulinzi wa mtoto katika mwaka wa mtihani ni sehemu ya maandalizi sawa na vitabu. Kamati za usimamizi wa fuo zinaweza kukubaliana kwamba mwanafunzi haajiriwi kwenye mashua wakati wa masomo.

Kuna pia suala la mapato. Uvuvi wa omena umekuwa ukisitishwa kati ya Aprili na Julai ili samaki wazaane. Miezi hiyo huangukia muhula wa pili, wakati ambapo watahiniwa hufanya mitihani ya majaribio na shule hudai karo. Familia inayoweka akiba tangu Januari, japo kidogo kidogo kupitia chama, humwepushia mtoto aibu ya kurudishwa nyumbani wakati mbaya kuliko wote.

Vyeti: Kazi ya kumaliza mapema

Cheti cha kuzaliwa huhitajika wakati wa kusajiliwa kwa KCSE na tena wakati wa kuomba nafasi ya chuo. Mtoto aliyezaliwa kisiwani bila kusajiliwa atahitaji usajili wa kuchelewa, ambao huchukua muda na huhitaji ushahidi. Shughuli hiyo isiachwe hadi mwaka wa mtihani.

Majina nayo yakaguliwe. Herufi moja ikikosekana, au majina yakipangwa tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa na orodha ya mtihani, mwanafunzi huweza kuzungushwa kwa miezi. Shule hupewa fursa ya kusahihisha maelezo kabla ya usajili kufungwa. Mwanafunzi alisome jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya kutia sahihi.

Mwanafunzi anapotimiza umri wa miaka 18, atume ombi la kitambulisho bila kukawia. Watakaoomba ufadhili watahitaji pia nakala za vitambulisho vya wazazi au walezi, na vyeti vya kifo iwapo wazazi wamefariki. Yatima ambaye kifo cha mzazi wake hakikusajiliwa huwa na kibarua kigumu kuthibitisha hali anayoishi nayo kila siku.

Baada ya matokeo

Zamani wanafunzi walijaza fomu za kuchagua kozi wakiwa bado shuleni, chini ya uangalizi wa walimu. Siku hizi maombi hufanywa kwenye mtandao wa KUCCPS baada ya matokeo kutangazwa, wakati mwanafunzi amekwisha kurudi nyumbani. Mabadiliko hayo yana manufaa yake, kwa kuwa mwombaji huchagua akiijua gredi yake. Lakini yameuhamisha mzigo kutoka ofisi ya mwalimu hadi jikoni kwa mzazi.

Mwombaji huingia kwa kutumia nambari yake ya mtihani, mwaka wa mtihani, na nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya mtihani wa KCPE. Akiwa ndani, huona kozi alizohitimu na alama zilizokuwa za mwisho kuchukuliwa katika uteuzi uliotangulia. Muda wa maombi huwa wa majuma machache. Hufuatwa na awamu za marekebisho kwa wale ambao hawakupata walichochagua. Kukosa awamu ya kwanza si mwisho, lakini nafasi zinazosalia baadaye huwa chache, hasa katika kozi zinazopendwa.

Wahenga husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Asiye na intaneti ya kuaminika apange siku moja ya kwenda Mbita mwanzoni mwa kipindi, si siku ya mwisho ambapo mtandao hulemewa na ziwa huweza kuchafuka. Aende akiwa ameandika kwenye karatasi machaguo yake kwa mpangilio pamoja na nambari za kozi. Akihudumiwa katika duka la intaneti, atumie nambari yake mwenyewe ya simu na aihifadhi nenosiri yake. Wapo waliosajiliwa kwa simu ya mwenye duka na kushindwa kufungua akaunti zao baadaye.

Katika kuchagua, si busara kujaza kozi zinazohitaji alama zilizo juu ya uwezo wa mwombaji pekee. Aweke ile anayoitamani, kisha ile anayoifikia, kisha ile ambayo hawezi kuikosa na yuko radhi kuisoma. Vyuo vya karibu pia visidharauliwe, kwa maana hupunguza nauli na gharama ya malazi. Chuo Kikuu cha Rongo katika Kaunti ya Migori, kilichopata hati yake mwaka wa 2016, Maseno, na Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo vyote vimo katika eneo la ziwa.

Ufadhili

Kupata nafasi ni jambo moja, kuilipia ni jingine. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyobuniwa mwaka wa 1995, huwakopesha wanafunzi wa vyuo. Mnamo Mei 2023 serikali ilizindua mfumo mpya ambao humgawia mwanafunzi ufadhili na mkopo kulingana na hali ya familia yake. Mfumo huo ulipingwa kortini, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikauharamisha, uamuzi ambao serikali iliukatia rufaa. Kwa sababu hiyo mwombaji anapaswa kuthibitisha utaratibu unaotumika katika mwaka wake kabla ya kukata tamaa kwa kuona ada iliyoandikwa kwenye barua ya usajili.

Jambo moja halibadiliki: ufadhili hauji wenyewe. Mwanafunzi ambaye hakutuma ombi huhesabiwa kuwa hauhitaji, hata akiwa maskini kuliko jirani zake wote.

Walio chini ya C+

Mtahiniwa aliyepata chini ya C+ bado ana njia. Stashahada katika vyuo vya kiufundi huanzia C-, cheti huanzia D, na kozi za ufundi wa mikono huwapokea hata wenye gredi za chini kuliko hizo. Vyuo vya mafunzo ya utabibu vya KMTC, ambavyo vina tawi mjini Homa Bay, huhitaji C kwa stashahada. Anayefuzu stashahada anaweza kuendelea hadi shahada. Fundi wa injini za mashua, mtaalamu wa barafu na majokofu ya samaki, au muuguzi ni watu ambao visiwa hivi vinawahitaji leo.

Masomo ya ng'ambo

Wanaotamani vyuo vya Marekani hukutana na mtihani wa SAT, wenye alama kati ya 400 na 1600, ambao tangu mwaka wa 2023 hufanywa kwa kompyuta nje ya Marekani. Baadhi ya vyuo huudai na vingine haviudai. Wakfu wa Zawadi Africa, ulioanzishwa mwaka wa 2002 na Susan Mboya, umewasaidia wasichana werevu kutoka familia zisizojiweza kupata nafasi za aina hiyo.

Jina hilo lina mizizi karibu na Takawiri. Babake, Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga, ndiye aliyeongoza mpango wa ndege uliowapeleka wanafunzi 81 Marekani mnamo Septemba 1959, na mamia wengine katika miaka iliyofuata. Wanafunzi hao walikuwa wameandikiana barua na vyuo na kupata nafasi kabla ya kupata nauli. Karatasi zilitangulia, ndege ikafuata.

Mfumo unaokuja

Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wamepangiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi huchagua mkondo anapotoka Gredi ya 9 kuingia sekondari pevu. Mikondo ni mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Hivyo uamuzi uliokuwa ukifanywa Kidato cha Pili sasa humjia mtoto mapema zaidi, tena pamoja na ule wa kuchagua shule.

Mzazi wa Takawiri ambaye mtoto wake yuko Gredi ya 8 ana mambo matatu ya kufanya mwaka huu: kuuliza shule za karibu zinafundisha mikondo ipi, kuhakikisha cheti cha kuzaliwa kipo na jina ni sahihi, na kuanza akiba kabla msimu wa omena haujafungwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri matokeo ya mtihani.